Ufuko Aliouchagua Sanguan

Sokoni Pho Tharam, mji mdogo magharibi mwa Bangkok, bado wanasema kwamba Sanguan alipelekwa baharini kama mzigo, mgonjwa wa kufa asiyejua anaumwa nini, akalazwa kwenye kiti cha kukodi katika ufuko wa makabwela kwa sababu mkewe na mwanawe waliona uchungu wa gharama. Wengine wametia chumvi zaidi, kwamba alifia hukohuko mchangani huku wajukuu wakicheza pembeni.

Ukweli ni huu. Sanguan alifia nyumbani kwake, chumbani mwake, dirisha la upande wa reli likiwa wazi. Familia yake ilikuwa na uwezo wa kumpeleka popote. Na ufuko ule aliuchagua yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mkewe, mwanawe, mkwewe na mama wa mkwewe. Anayetaka kuendelea kusema vingine na aseme, ila asije akasema hakuambiwa.

Alikuwa mtu wa reli. Alianza kazi akiwa kijana wa kubadilisha njia za treni na akastaafu akiwa msimamizi msaidizi wa stesheni ndogo ambayo treni za mwendo kasi hazikuwahi kusimama. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimama jukwaani na kibendera cha kijani, sare imepigwa pasi, treni ikipita bila abiria hata mmoja kumtupia jicho. Hakuwahi kulalamikia hilo. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, mwenye masikio makubwa, na alipenda redio, samaki wa kukaanga na mchezo wa drafti wa vifuniko vya soda.

Mkewe, Rampha, alikuwa na shahada. Walipooana watu walicheka kwamba mwalimu wa historia ameolewa na mpeperusha bendera. Rampha aliwanyamazisha kwa njia aliyoijua, kwa kuendesha nyumba isiyo na doa. Yeye ndiye aliyeamua mtoto wao Thawi asome wapi, shamba lipi linunuliwe, ukuta upakwe rangi gani. Sanguan alileta mshahara wake mzima na kusema, "Mwalimu ataamua." Aliyasema hayo bila kinyongo, kama mtu anayetaja saa. Na kila mwaka mpya wa Songkran, Mwalimu aliamua waende ufukweni Cha-am, kwenye nyumba ileile chini ya mivinje, waliyokuwa wakifikia walimu wenzake. Sanguan alibeba sanduku la barafu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapapenda Cha-am, naye hakuonekana kukosa kuulizwa.

Kisha ukaja msimu wa baridi ambao alianza kushiba kwa vijiko viwili. Suruali zikamlegea, macho yakageuka rangi ya manjano. Thawi, aliyekuwa akifanya kazi Bangkok, alimpeleka hospitali moja kubwa ya huko, na daktari, kama ilivyo kawaida, alimwacha mgonjwa akivaa shati na kumwita mwana kwenye ukumbi. Saratani ya ini, na ilikuwa imekwishaenda mbali.

Rampha na Thawi waliamua wasimwambie. Hapo pia watu wamesema mengi, kana kwamba wao wenyewe huwasomea wagonjwa wao hukumu kitandani. Hakuna nyumba ya Pho Tharam ambayo ingefanya vingine. Mgonjwa huachiwa moyo wake. Sanguan aliambiwa ini lake limeshika mafuta kidogo.

"Mafuta?" alisema, akicheka. "Mimi? Hebu mwambieni daktari aje anipime vizuri, huenda amechukua ini la mtu mwingine."

Naye hakuuliza tena.

Mkwe wao Orasa, mke wa Thawi, alimpigia daktari simu kwa siri kuuliza kama mzee anaweza kusafiri. Daktari alisema aende, lakini asingoje mvua zianze. Basi wakakubaliana kwamba Songkran ile wataenda wote baharini, watoto na wazee, na hakuna atakayeiita safari hiyo jina lolote zaidi ya likizo.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua ufuko.

Walikutana Jumapili barazani kwa Rampha. Orasa alikuwa amemleta mama yake kutoka Suphan. Mama huyo, Chalao, alikuwa muuza samaki, mjane, mwenye sauti ya kuita wateja ng'ambo ya mto, na alikuja na kapu la kambare wakavu kana kwamba Pho Tharam hakuna samaki. Sanguan alikuwa ameketi mkekani akicheza drafti na mjukuu wake Muk, msichana wa darasa la pili. Mdogo wake Muk, Pun, mtoto wa umri wa kukimbilia kila palipo na maji, alikuwa amefungwa kwa kitambaa kirefu kwenye mguu wa meza, na ameridhika kabisa.

Thawi aliinua simu yake. "Phuket. Tazameni. Bwawa la watoto, mtelezo wa umbo la tembo, vyumba vya chini visivyo na ngazi. Na kuna dada maalumu wa kuwaangalia watoto wakati wazee wamelala."

"Dada maalumu?" Chalao alisema. "Na mimi ninapelekwa kufanya nini, kutundikwa ukutani?"

"Upumzike, Mama."

"Nitapumzika nikifa."

Chalao akajifunika mdomo kwa kiganja. Orasa aliinama kufunga upya kitambaa cha Pun ambacho hakikuwa kimefunguka. Sanguan tu ndiye aliyeendelea na mchezo.

"Kula hiyo, Muk," alimwambia mjukuu. "Iko wazi. Usimwonee babu huruma."

Rampha alisema Cha-am, kama siku zote. Pana kivuli, nyumba wanaijua, mpishi wanamjua. Orasa alisema Samet, maana maji ni meupe na mtoto akianguka unamwona. Thawi akakumbusha kwamba Samet ni kisiwa, na baba atapanda vipi boti. Orasa akasema basi. Chini ya meza alikuwa akipima kwenye simu umbali wa kila ufuko hadi hospitali, na Rampha, aliyekaa karibu naye, aliziona zile kilomita.

Kisha ikaanza ile adabu inayoweza kumaliza siku nzima. Rampha alisema hana neno, Cha-am si lazima, waende wanapopenda vijana. Thawi alisema vijana watafurahi popote wazee watakapofurahi. Orasa alisema yeye anafuata tu. Chalao, ambaye kwa kawaida hakuwa na adabu ya namna hiyo, alisema bahari zote zina chumvi ileile. Kila mmoja alimrudishia mwenzake uamuzi kama sahani ya mwisho ya nyama ambayo hakuna anayetaka kuonekana ameichukua. Chai ikapoa. Pun akalala chini ya meza.

Hapo ndipo Thawi, mwana mwenye moyo laini kupita kiasi, aliposema, "Baba achague."

Kifuniko cha soda kilisimama hewani kati ya vidole vya Sanguan.

"Mimi?"

"Ndiyo, Baba. Popote unapopenda."

"Hata mbali?"

"Hata mbali."

"Hata ghali?"

"Hata ghali, Baba." Thawi aliilaza simu kifudifudi.

Sanguan alikiweka kifuniko chini, si kwenye ubao bali pembeni yake. Akamtazama mwanawe. Akamtazama Orasa, aliyegeuza uso. Akamtazama Chalao, ambaye kwa mara ya kwanza tangu waozeshane watoto hakuwa na la kusema. Mwisho akamtazama mkewe, na Rampha alikuwa akitabasamu. Lilikuwa tabasamu alilokuwa akiwapa wazazi ambao mtoto wao amefeli na bado hawajajua, na mumewe alikuwa ameliona tabasamu hilo shuleni mara nyingi, akimsubiri langoni na baiskeli.

Rampha aliona jambo likimwingia. Hakuna kilichobadilika usoni pa Sanguan isipokuwa macho, yaliyotulia, kama yalivyokuwa yakitulia zamani jukwaani treni inaposikika kabla haijaonekana. Kwa nyumba ile, kumuuliza Sanguan anataka nini kulikuwa sawa na kumsomea cheti cha daktari.

"Bang Saen," alisema.

"Bang Saen!" Chalao alilipuka, akifurahi kupata tena sauti yake. "Kaka Sanguan, umepewa nchi nzima unachagua Bang Saen? Kule watu wamebanana kama dagaa guniani! Ukijinyoosha kidogo mguu wako uko kwenye sahani ya jirani."

"Ndiyo hapohapo, dada. Maji ni ya magotini hadi mbali. Pun atatembea mpaka achoke kabla hajafika pa kuzama. Chakula kinakuja mpaka kitini. Na wewe utakodiwa tairi la kuelea, kama kuna la kukutosha."

"Likikosekana la kunitosha, nitakukalia wewe."

Watoto walicheka, na kila mtu akapata ruhusa ya kupumua.

Rampha hakucheka. Bang Saen ndiko wanafunzi wake walikokwenda kwa mabasi ya kukodi na ngoma kwenye paa. Mwalimu wa cheo chake hakupeleka familia huko, sembuse mgonjwa. Aliona mapema kabisa watu watasema nini, na walikuja kusema hivyohivyo. Fikra hiyo ilimpitia wakati ule ule ambao moyo wake ulikuwa unavunjika, na haikuwa fikra ya kuionea haya, maana katika kila familia lazima awepo mmoja wa kulinda jina, hata siku kama ile. Lakini mumewe hakuwa amewahi kuchagua kitu mbele ya watu. Akasema, "Vizuri. Bang Saen."

Tangu siku ile nyumba ikawa na siri mbili. Thawi na Orasa walimficha mzee kwamba anakufa. Mzee aliwaficha kwamba anajua. Rampha alizibeba zote mbili na kupika uji wa wali, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Walifika Bang Saen sikukuu imechacha. Jua lilikuwa kali, bahari ya rangi ya chai ya maziwa, na miavuli imeshonana hadi huwezi kuona mchanga. Watu walioga na nguo zao zote. Vijana walirushiana maji na kupakana unga mweupe usoni. Kando ya barabara familia zilikuwa zikijenga minara ya mchanga na kuichomeka maua na bendera za karatasi, na Muk alitaka wa kwao uwe mrefu kuliko wa shule fulani yenye walimu watatu na koleo.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda majini, waliwamwagia wazee maji kwenye mikono kama inavyopasa siku ya Songkran. Chumba kilikuwa kidogo. Wazee watatu waliketi ukingoni mwa kitanda, viganja vimeelekea juu, na vijana walipiga magoti na bakuli la maji ya asmini. Thawi alimwagia baba yake, akaomba asamehewe kila kosa la mwaka mzima, la kauli na la tendo, akashindwa kumaliza. Sanguan alimwekea mkono kichwani na kumtakia afya, mali, na bosi mwenye akili. Baraka za kila mwaka, kwa maneno yaleyale. Ila mkono ulikaa kichwani muda mrefu kuliko maneno.

"Babu, unaninyeshea," Muk alisema zamu yake ilipofika, kwa sababu maji yalikuwa yakimdondokea shingoni kutoka viganja vya babu. Hayakuwa maji ya asmini yote.

Ufukweni, Chalao alipatiwa tairi, la lori. Aliingia nalo baharini akiwa na shati la mikono mirefu na kofia ya jua, Pun kamkalia tumboni, akizipigia boti kelele kama zile wanazopigiwa watu wanaokanyaga samaki wake sokoni. Orasa aliwafuata, amenyoosha mikono tayari kudaka. Thawi na Muk walikuwa kwenye mnara wao. Wauzaji walipita na kaa, na kachumbari ya papai bichi, na ngisi wakavu wanaochomwa kwenye jiko la kubebwa begani. Sanguan aliagiza ngisi. Hakumla. Alimshika tu mkononi, akamnusa.

"Pha," alimwambia mkewe, aliyekaa kiti cha pembeni. Barabarani na sokoni alimwita Mwalimu kama wengine wote. Pha lilikuwa la ndani.

"Mm."

"Unajua kwa nini si Samet?"

"Boti ingekuchosha."

"Kwenda isingenichosha. Nilifikiria kurudi." Alisema kwa sauti ya mtu anayepanga ratiba. "Nahodha hapendi kupakia maiti. Thawi angeanza kubembeleza watu gatini, watoto wakitazama. Na Phuket ni ndege, na ndege ni makaratasi. Hapa ni lami mpaka mlangoni. Hata Thawi, anavyopotea, hawezi kupotea."

Rampha alimwangalia Pun majini, tumbo la mtoto likipanda na kushuka juu ya tumbo la Chalao.

"Nani amekwambia?" aliuliza hatimaye.

"Hakuna. Nimeulizwa ninapenda kwenda wapi." Alitabasamu kidogo. "Miaka yote hii, Pha."

Mwanamke huyu aliyewahi kusimama mbele ya ukumbi wa wazazi mia tano na kujibu kila swali hakujua aweke wapi mikono yake. Akachukua kitambaa akamfuta mumewe jasho, ingawa hakukuwa na jasho.

"Ungependa ningekuuliza?"

"Sijui," Sanguan alisema, na alifikiria kweli kabla ya kuendelea. "Sikuwahi kukosa kitu. Ulikuwa unachagua vizuri. Barafu tu ndiyo ilikuwa nzito."

"Basi nakuuliza sasa. Kama si boti, kama si kurudi, kama si watoto wala hospitali. Wewe mwenyewe, ungependa wapi?"

Alimjibu. Alianza kwa jina la mahali na akaendelea, bila haraka, akitazama bahari, na alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima kabla ya hapo. Rampha hakumkatiza. Watu wa mwavuli wa jirani waliona bibi aliyevaa vizuri ameinama kumsikiliza mzee wa rangi ya manjano, na ndugu mmoja wa Pho Tharam aliyekuwa akipita aliona pia, na huyo ndiye aliyerudi sokoni na habari nusu. Mazungumzo yalikatika Pun alipoletwa, amekunywa bahari ya kutosha, akilia kwa hasira kwamba tairi limerudishwa kwa mwenyewe.

Asubuhi ya pili Sanguan hakuweza kuinuka mezani penye uji. Thawi alitaka hospitali, ilikuwa karibu, Orasa alikwishajua njia. Sanguan akasema nyumbani. Rampha akasema nyumbani. Walirudi kwa lami mpaka mlangoni, Thawi akiendesha na hakupotea. Chalao, kiti cha nyuma, aliwafunika watoto macho kwa kanga yake na kuwaimbia majina ya samaki mpaka wakalala.

Aliishi siku chache nyingine. Watawa walikuja kumsomea. Alimwachia Muk vifuniko vyote vya soda, vyeupe na vyekundu. Alifariki mchana, treni ya kusini imekwishapita.

Mikesha ya maombolezo hekaluni ilijaa watu, na wengi wao ni haohao wanaosema sasa, wakila wali wa familia. Baada ya kuchomwa mwili, ndugu waliobaki walikuwa wakikusanya viti, na Thawi alikuja akaketi miguuni pa mama yake. Majivu ya baba yake yalikuwa mapajani mwake, yamefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Mama. Baba alijua?"

Rampha hakumdanganya. "Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu pale barazani."

Thawi alihesabu maneno ya siku ile kichwani, na ilipofika zamu ya maneno yake mwenyewe, uso ukamwanguka. "Kumbe ni mimi niliyemwambia."

"Sote tulimwambia. Wewe ulikuwa mdomo tu. Usijitwike peke yako, wewe hubebi vizuri."

"Na Bang Saen hakuipenda."

"Aliipenda kwa ajili yenu."

"Lakini kuna mahali alipopenda kweli," Thawi alisema, na Chalao, aliyekuwa akifunga masufuria, aliacha kufunga. "Pale kitini. Mlikaa muda wote ule. Alikwambia, sivyo? Niambie ni wapi, Mama. Nitampeleka. Nitachukua likizo, nitampeleka hata kama ni mwisho wa nchi, nikamwage majivu hukohuko. Angalau hilo."

"Majivu yataenda mtoni Mae Klong, yalikoenda ya baba yake."

"Mama, tafadhali."

"Mwambie mtoto, Mwalimu," Chalao alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo. "Na watu nao waache maneno."

"Watu wana maneno yao, na waendelee nayo." Rampha alisimama, akanyoosha sketi yake nyeusi, akachukua kile kifurushi cheupe kutoka mapajani mwa mwanawe. "Aliyoyasema pale aliniambia mimi. Nilimuuliza mimi, akanijibu mimi. Simwambii mtu. Msiniulize tena."